Mapenzi ya Mungu na homa ya mtoto: funzo la daktari wa Mnero

Ni saa nane usiku. Mtoto wa miaka miwili anachemka mwili mzima. Jioni alipewa uji akautapika, na sasa hata maji hayakai tumboni. Baba yupo shambani kwenye mikorosho, mbali na nyumbani, na simu yake haipatikani. Mama amemshika mtoto mapajani, bibi amekaa pembeni na tochi ya simu.

"Tumwachie Mungu, mwanangu," anasema bibi. "Kama amepanga apone, atapona."

Usiku wa namna hii unafahamika katika nyumba nyingi za Mtua na vijiji vingine vya upande wa Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi. Unafahamika pia Masasi, Liwale, Tunduru na kila mahali ambako zahanati haiko mlangoni na nauli ya bodaboda haiko mfukoni. Na maneno ya bibi yanafahamika zaidi. Yamesemwa na watu wema, wanaosali, wanaompenda mtoto huyo kuliko wanavyojipenda wenyewe.

Swali linalobaki ni gumu, na wazazi wengi Wakristo hulibeba kimya kimya: kumtumaini Mungu kunaanzia wapi na kunaishia wapi? Mama anayeamka usiku huo kutafuta pikipiki, je, ana imani ndogo kuliko bibi anayesema tusubiri asubuhi?

Jibu moja zuri limo katika historia ya wilaya hiyohiyo ya Nachingwea, katika maisha ya daktari aliyefanya kazi Mnero kwa miaka 15.

Daktari aliyeanza upya

Leader Stirling alizaliwa Uingereza mwaka 1906 na akasomea udaktari London. Mwaka 1935 alifika kusini mwa Tanganyika kama daktari wa misheni ya Kianglikana iliyojulikana kwa kifupi kama UMCA, katika Dayosisi ya Masasi. Kituo chake kilikuwa Lulindi. Wakati huo hospitali za vijijini zilikuwa majengo ya miti na udongo, paa la nyasi, na taa ya mafuta. Daktari wa misheni alikuwa mganga, mpasuaji, mfamasia na mwalimu kwa wakati mmoja.

Kwa miaka 14 alijenga huduma Lulindi. Alipasua wagonjwa, akawafundisha vijana wa Kiafrika kazi ya uuguzi, akajifunza lugha ya watu na kuishi nao. Mwaka 1947 kilitoka kitabu chake cha kwanza, Bush Doctor, kuhusu kazi hiyo.

Kisha mwaka 1949 likatokea jambo ambalo watu wachache waliomfahamu kwa mbali wangelitarajia. Stirling aliingia Kanisa Katoliki. Hospitali aliyoijenga ilikuwa ya Waanglikana. Akaiacha, akahamia kwa Wabenediktini, katika hospitali ya misheni ya Mnero, Nachingwea.

Kwa mtu wa miaka 43 aliyekwisha kujenga kitu, kuanza upya si jambo dogo. Mabadiliko ya ndani huwa yanaonekana matamu yanaposimuliwa ibadani. Katika maisha halisi huja na gharama: marafiki wanaokutazama kwa jicho jipya, jengo unaloliacha kwa wengine, wagonjwa uliowazoea. Stirling aliyapokea hayo, kisha akafanya jambo la kawaida kabisa: akaendelea kutibu watu. Alibadilisha kanisa, lakini meza ya upasuaji iliendelea kuwa ileile, na wagonjwa waliendelea kuwa wakulima walewale wa kusini.

Alikaa Mnero hadi mwaka 1964, kisha akaenda Hospitali ya Kibosho, Kilimanjaro. Katikati ya kazi hiyo, mwaka 1958, aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria akiungwa mkono na TANU. Baada ya uhuru akawa raia wa nchi hii na mbunge, na kuanzia mwaka 1975 hadi 1980 alikuwa Waziri wa Afya katika serikali ya Mwalimu Nyerere. Alifariki mwaka 2003 akiwa na miaka 97.

Hapo ndipo mzazi anapopata funzo la kwanza. Mtu huyu alimwamini Mungu kiasi cha kuacha kila alichokijenga. Lakini imani hiyo haikumwondolea kisu cha upasuaji mkononi. Kwake sala na dawa zilikaa chumba kimoja.

Mipango mikubwa, mipango midogo

Wakati Stirling anahamia Mnero, Nachingwea ilikuwa na wageni wengine. Serikali ya Uingereza ilikuwa imeanzisha mradi mkubwa wa karanga katika maeneo matatu ya Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta na mitambo mizito ililetwa kung'oa miti. Reli ilijengwa ili kuunganisha Nachingwea na pwani. Mradi ulianza mwaka 1947, na mapema mwaka 1951 serikali hiyo ilitangaza kuuacha. Zaidi ya pauni milioni 35 zilikuwa zimepotea. Mvua haikufuata hesabu za wataalamu, udongo ulikuwa mgumu, na mitambo iliharibika. Baadaye hata reli iling'olewa.

Wazee wa Nachingwea walioishi kuanzia siku hizo waliona mambo mawili kwa pamoja: mpango wenye fedha zote ukianguka, na hospitali ndogo ya misheni ikiendelea kupokea wagonjwa asubuhi baada ya asubuhi.

Waswahili husema mtu hupanga, Mungu hupangua. Methali hiyo hutumiwa sana msibani. Lakini ikisomwa vizuri haisemi watu waache kupanga. Aliyepanda karanga pasipo kuuliza mvua inanyesha lini hakumtumaini Mungu. Alijitumaini yeye na trekta lake. Na mkulima wa Mtua anayepanda ufuta baada ya kusoma mawingu, akapalilia, akanyunyizia dawa mikorosho yake, kisha akasema "sasa ni ya Mungu", huyo ndiye anayelielewa neno hilo. Hakuna mkulima anayesema "kama Mungu amepanga nivune, nitavuna" akaliacha jembe ukutani.

Kwa shamba, kila mtu analijua hilo. Kwa mtoto mwenye homa, wengi wanalisahau.

Mapenzi ya Mungu yenye maana mbili

Maneno "ni mapenzi ya Mungu" hubeba maana mbili zisizofanana.

Maana ya kwanza ni ya mtu aliyefanya kila alichoweza. Amempeleka mtoto, amemeza hofu, amekaa kwenye benchi la wodi usiku mzima, na bado hajui kesho italeta nini. Anapofika mwisho wa nguvu zake anasema: Mungu, hili ni lako. Ndivyo Yesu alivyosali bustanini Gethsemane usiku wa kukamatwa kwake. Injili zinaonyesha kwamba kwanza aliomba waziwazi aepushwe na mateso, akaomba zaidi ya mara moja, akatokwa jasho, na akawaomba rafiki zake wakeshe naye. Kujikabidhi kwake kulikuja baada ya kusema ukweli wote wa moyo wake. Hakujifanya kwamba haogopi.

Maana ya pili ni ya mtu anayetumia maneno hayohayo kufunika kitu kingine. Mara nyingi kitu hicho si uvivu wala ukatili. Ni nauli ya bodaboda ambayo haipo, na aibu ya kuikopa kwa jirani. Inaweza kuwa mama anayesubiri ruhusa ya mume, au hofu ya kugombezwa na muuguzi kwa sababu kadi ya kliniki imepotea. Wengine wanakumbuka mtoto wa kwanza aliyepelekwa hospitali akarudi akiwa amefunikwa shuka, na moyo hautaki kurudi mahali pale.

Mambo hayo yote ni ya kweli na yanastahili huruma. Lakini hakuna hata moja ambalo ni mapenzi ya Mungu. Ni matatizo, na matatizo yana majina yake. Yakiitwa kwa majina yake, yanaweza kutatuliwa. Yakiitwa mapenzi ya Mungu, hakuna anayethubutu kuyagusa.

Bibi katika simulizi ya usiku ule naye hastahili kulaumiwa. Bibi wengi wa kusini walilea watoto wakati zahanati ilikuwa mwendo wa siku nzima kwa miguu. Walizika watoto. Maneno "tumwachie Mungu" ndiyo yaliyowasaidia kusimama tena kesho yake wakaenda shambani. Ni maneno ya faraja waliyoyapata kwa machozi. Kosa ni kuyaleta mapema, kabla ya kazi kuisha.

Hospitali iliyobadilika kuanzia moyoni

Afrika Mashariki inao mfano mwingine wa mabadiliko ya ndani yaliyoanzia hospitalini, nao ulifika mbali zaidi.

Mwaka 1928 daktari Mwingereza, Joe Church, alianza kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, wakati wa njaa kali. Mwaka uliofuata, akiwa amechoka mwili na roho, alikwenda Kampala. Hapo Namirembe alikutana na Mganda aliyeitwa Simeon Nsibambi, mtu aliyekuwa amefanya kazi katika idara ya afya. Wawili hao walikaa pamoja wakasoma Biblia na kusali. Church alirudi Gahini akiwa mtu mwingine.

Lakini hospitali haikuwa shwari. Kulikuwa na manung'uniko kati ya daktari na wafanyakazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kiongozi wa wafanyakazi hao, Yosiya Kinuka, alikwenda Kampala kumwona Nsibambi na kumweleza kwamba mambo ya Gahini yanakwenda vibaya. Badala ya kupata mtu wa kulalamika naye, aliambiwa aanze kwa kuutazama moyo wake mwenyewe. Njiani akirudi alitubu. Alipofika, alianza na kazi yake na mahusiano yake pale hospitalini. Wenzake waliona.

Kutoka katika mazungumzo kama hayo ulikua Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioenea Rwanda, Uganda, Kenya na Tanganyika kupitia Bukoba. Watu wake huitwa walokole, yaani waliookoka. Alama yao haikuwa kelele. Ilikuwa kuungama makosa hadharani, kurudisha vilivyoibwa, mume kumwomba mke msamaha, na watu wa makabila tofauti kula sahani moja.

Uamsho huo pia uliujua msiba. Blasio Kigozi, ndugu wa Nsibambi na mwalimu aliyefundisha Gahini, alikuwa mmoja wa sauti zake kubwa. Januari 1936 alikwenda Kampala akiwa na ujumbe wa kuamsha kanisa. Aliugua homa akafa kijana. Walioomba kwa ajili yake walikuwa watu wa imani kubwa kuliko wengi. Hawakusema imani ya Blasio ilikuwa ndogo. Walizika, wakalia, wakaendelea na ujumbe aliouacha.

Wazazi waliopoteza mtoto wanahitaji kuujua mfano huo. Kuna maneno ambayo yanaumiza kuliko ugonjwa wenyewe: kwamba mtoto amekufa kwa sababu mama hakuomba vya kutosha, au kwa sababu kuna dhambi ya siri ndani ya nyumba. Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu aliikataa hukumu hiyo kwa pande zote mbili. Kisha akamsaidia yule mtu. Jirani anayekwenda kufariji nyumba yenye msiba afuate mpangilio huo: asihukumu, asaidie.

Biblia haimfukuzi daktari

Wazazi wengine wanaogopa kwamba kwenda hospitali baada ya kuombewa ni kumtilia Mungu shaka. Maandiko yenyewe hayasemi hivyo.

Mfalme Hezekia alipougua karibu na kufa, alisali na akaahidiwa kupona. Nabii Isaya, aliyeleta ahadi hiyo, ndiye pia aliyeagiza tini zibandikwe kwenye jipu lake. Ahadi na dawa vilitoka kinywani mwa mtu mmoja. Msamaria mwema alimwagia majeruhi mafuta na divai, akamfunga vidonda, akamlipia nyumba ya wageni. Luka anatajwa katika barua kwa Wakolosai kama tabibu mpendwa wa kundi la Paulo. Na kitabu cha Yoshua bin Sira, kinachosomwa katika Biblia ya Wakatoliki, kina sura ya 38 inayomtaka mgonjwa asali, atubu, na ampe daktari nafasi yake kwa kuwa naye ni kiumbe wa Mungu.

Funzo kubwa zaidi ni la wale wakoma kumi wa Luka sura ya 17. Yesu aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani. Katika sheria ya Musa, makuhani ndio waliokuwa na kazi ya kumkagua mwenye ukoma na kutangaza kama amepona. Kwa lugha ya leo, aliwapeleka wakapimwe. Uponyaji wa kweli hauogopi kipimo.

Jambo hili lina uzito kwa familia zenye ugonjwa wa muda mrefu. Mtu anayetumia dawa za VVU, kifua kikuu, kifafa, kisukari au shinikizo la damu anaweza kuombewa akajisikia vizuri sana. Furaha hiyo ni ya kweli. Lakini akiacha dawa kwa sababu hiyo, virusi huongezeka tena, kifua kikuu kinaweza kurudi kikiwa sugu, na mtoto wa kifafa anaweza kupata degedege mfululizo lisilokoma. Anayeamini amepona aendelee na dawa, aende kliniki, apimwe. Daktari akisema dawa zipunguzwe au ziachwe, ndipo ushuhuda utolewe.

Homa isisubiri mkutano wa ukoo

Kusini mwa Tanzania, kama ilivyo pwani yote, malaria bado inaua watoto, na inaua haraka. Mtoto aliyekuwa akicheza asubuhi anaweza kuwa mahututi usiku. Ndiyo maana homa ya mtoto wa chini ya miaka mitano inatakiwa kupimwa ndani ya saa 24. Kipimo cha haraka cha malaria kinatumia tone moja la damu la kidole na kinatoa jibu ndani ya muda mfupi hata katika zahanati ndogo. Kikionyesha malaria, mtoto hupewa dawa mseto. Kisipoonyesha, mhudumu hutafuta chanzo kingine cha homa. Kwa sera ya serikali, watoto wa chini ya miaka mitano wamesamehewa malipo katika vituo vya umma.

Lakini zipo dalili ambazo hazisubiri hata asubuhi. Mtoto apelekwe mara moja akiwa na moja kati ya hizi:

- Anashindwa kunyonya au kunywa.
- Anatapika kila anachopewa.
- Amepata degedege.
- Amelegea sana, haamki au hatambui watu.
- Anapumua kwa shida au haraka. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni pumzi 40 au zaidi.
- Ana umri wa chini ya miezi 2 na mwili una joto kali au umepoa kupita kawaida.

Mtoto wa usiku ule wa Mtua tayari anazo mbili: hata maji yanamshinda, na anatapika kila kitu. Kwake asubuhi ni mbali.

Degedege linahitaji neno lake. Kwa miaka mingi katika jamii za pwani limeaminiwa kuwa kazi ya shetani au mdudu, na ipo imani kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Imani hiyo imewachelewesha wengi: mtoto hupelekwa kwanza kwa mganga, hufukizwa moshi, kisha huletwa hospitali akiwa amechoka kabisa. Akifia hapo, sindano ndiyo inayosingiziwa. Ukweli ni kwamba degedege la homa kwa mtoto mara nyingi ni dalili ya ugonjwa wa mwili, na malaria kali iliyofika kwenye ubongo ni moja ya sababu zake. Malaria hiyo hutibiwa kwa sindano hospitalini.

Mtoto akishikwa na degedege, alazwe kwa ubavu, mahali pasipo na kitu cha kumuumiza. Asitiwe kijiko, kidole wala dawa mdomoni. Nguo nzito zivuliwe. Likiisha au lisipoisha, safari ya kituo cha afya ianze. Anayetaka kuomba aombe, huku mwingine akimtafuta dereva.

Kubadilika kwa ndani, ndani ya nyumba

Katika barua kwa Warumi, sura ya 12, Paulo anazungumzia mtu kubadilishwa kuanzia kwenye fikra zake, na kwamba ni kwa njia hiyo ndipo anapoweza kuyatambua mapenzi ya Mungu. Mpangilio huo una maana kwa mzazi. Mapenzi ya Mungu hayajulikani kwa kukaa na kusubiri yatokee. Yanatambuliwa na mtu ambaye akili yake imeamka.

Kwa familia, akili iliyoamka huonekana katika mambo madogo.

Baba anamwambia mke wake, siku ambayo hakuna anayeumwa: "Mama fulani, mtoto akiugua na mimi sipo, usisubiri simu yangu. Mpeleke." Sentensi hiyo haina gharama, lakini inaweza kuwa ndiyo inayookoa uhai. Mwanamume aliyezoea kuwa mwenye kauli ya mwisho anapoitamka, kitu kimebadilika ndani yake.

Fedha kidogo za msimu wa korosho au ufuta zinatengwa kwa ajili ya nauli, mahali ambapo hata bibi anapajua. Namba ya dereva wa bodaboda anayekubali kuamshwa usiku inaandikwa ukutani. Jirani anajua kwamba watoto wengine watalala kwake. Kadi ya kliniki inakaa sehemu moja. Mtoto analala ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, hata kiangazi.

Jumuiya ndogondogo inayokutana kila wiki kusali inaweza kuweka mfuko wa dharura. Kikundi cha akina mama kinaweza kupokezana kumsindikiza mwenye mtoto mgonjwa. Mchungaji, padri au katekista aliyeitwa kumwombea mtoto mwenye homa anaweza kuuliza swali la kwanza kabla ya sala: "Amepimwa?" Swali hilo halipunguzi nguvu ya sala yake. Linawapa wazazi ruhusa waliyokuwa wakiitafuta.

Na yupo mzazi ambaye tayari amefanya yote hayo, na mtoto bado hakupona. Kwake neno "mapenzi ya Mungu" lisiletwe haraka na watu wa nje. Aachwe alie kwanza, aulize, hata akasirike. Zaburi nyingi ni malalamiko ya watu walioumia, na zimo ndani ya Biblia. Ikiwa siku moja yeye mwenyewe atasema "nimemwachia Mungu", litakuwa neno lake, lililofika kwa wakati wake. Akiwa halali, hali, au anasema hataki kuishi, huo si upungufu wa imani. Ni maumivu yanayohitaji mtu wa kukaa naye na mhudumu wa afya wa kumsikiliza.

Sala ya barabarani

Stirling alifanya kazi kusini kwa takriban miaka 30 kabla ya kwenda Kilimanjaro. Hakuna daktari anayefanya kazi muda huo asipoteze wagonjwa. Asubuhi iliyofuata palikuwa na wengine kwenye foleni, naye alirudi kazini.

Usiku ule wa Mtua bado haujaisha. Bibi bado ameshika tochi. Mama anasimama, anachukua kanga, anamfunga mtoto.

"Mama, Mungu hajakataa tumpeleke," anasema kwa upole. "Wewe niombee, mimi niende. Nipe namba ya yule kijana wa bodaboda."

Bibi ananyamaza kidogo. Kisha anafungua pindo la kanga yake, anatoa noti iliyokunjwa, anampa. Anatoka naye hadi barabarani akimmulikia njia, midomo ikicheza kwa sala. Pikipiki inawaka. Bibi anabaki amesimama gizani hadi taa nyekundu inapopotea, akiendelea kusali.